Kukausha si Kukomaza: Uundaji wa Sanduku la Kukomazia Vipande vya Resini na Uteuzi wa Istilahi zake kwa Kiswahili

Ikisiri

Uchapishaji wa pande tatu kwa kutumia resini umeshuka gharama kiasi cha kuingia katika karakana ndogo, vyuo vya ufundi na nyumba za watu binafsi. Hata hivyo, kipande kinachotoka katika printa ya aina hii huwa hakijakamilika: sharti kisafishwe, kikaushwe, kisha kimulikwe kwa mwanga maalumu hadi kiimarike. Makala haya yanafafanua namna sanduku la kumulikia vipande hivyo linavyoweza kuundwa kwa vifaa vya kawaida, na yanatumia ufafanuzi huo kujadili swali la kiistilahi: hatua hiyo ya mwisho iitweje kwa Kiswahili? Hoja kuu ni kwamba kitenzi kausha, ambacho ni chepesi kumjia mfasiri, kinaunganisha hatua mbili zilizo tofauti na kinaweza kumfanya mtumiaji avue glavu kabla hatari haijaisha. Makala yanapendekeza kitenzi komaza, yakitegemea ushahidi wa kivumishi -bichi, utaratibu wa mafundi wa zege na msamiati wa biashara ya kale ya sandarusi.

Maneno muhimu: istilahi, resini, ukomazaji, urujuanimno, usalama wa mtumiaji

1.0 Utangulizi

Mwaka 1984 Mmarekani Charles Hull aliwasilisha ombi la hataza ya mtambo uliojenga kitu cha pande tatu kwa kugandisha kimiminika, tabaka juu ya tabaka, kwa mwanga wa urujuanimno. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1986. Kabla yake, mwaka 1981, Hideo Kodama wa Japani alikwisha kuchapisha maelezo ya mbinu inayokaribiana na hiyo. Kwa miaka mingi mitambo ya namna hii ilibaki kuwa mali ya viwanda na maabara kubwa. Leo hii printa ndogo inayotumia kioo cha LCD kupitisha na kuzuia mwanga hukaa juu ya meza ya kawaida, na hutumiwa na masonara, mafundi wa meno, wabunifu wa vipuri na wanafunzi wa uhandisi.

Kushuka huko kwa gharama kumehamisha wajibu. Kiwandani, kemikali na mwanga husimamiwa na mhandisi aliyefunzwa kazi hiyo. Katika karakana ndogo, msimamizi ni yule yule fundi anayesoma maelekezo yaliyobandikwa kwenye chupa, na maelekezo hayo huandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Suala hili lina uzito wa pekee katika nchi ambazo Kiswahili kinatumika kando ya lugha nyingine za elimu. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Na Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Fundi wa Kampala aliyesoma kwa Kiingereza na mwenzake wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa wanaweza kuelekezana kwa Kiswahili, mradi neno wanalotumia liwe na maana moja kwa wote wawili.

Makala haya yamegawanyika katika sehemu kuu tatu. Kwanza yanaeleza kinachotokea ndani ya resini na kuchunguza vitenzi vinavyoweza kukitaja. Pili yanafafanua uundaji na upimaji wa sanduku. Tatu yanajadili mipaka ya chombo hicho na kutoa mapendekezo.

2.0 Kinachotokea ndani ya resini

Resini ya printa ni mchanganyiko wa molekuli fupi, hasa za jamii ya akrilati na methakrilati, pamoja na rangi na kiasi kidogo cha kianzishi, yaani kemikali inayoamshwa na mwanga. Mwanga wenye urefu wa wimbi unaofaa ukikipiga kianzishi, kianzishi huvunjika na kutoa radikali huru. Radikali hizo huziunganisha molekuli fupi na kuwa minyororo mirefu, na minyororo nayo hushikana kama nyuzi za wavu. Kimiminika huwa kigumu, na badiliko hilo halirudi nyuma.

Ndani ya printa, kila tabaka humulikwa kwa sekunde chache tu, muda unaotosha kulifanya lishikilie umbo lake. Kwa hiyo kipande kinachotolewa kina umbo kamili, lakini wavu wake wa molekuli haujakamilika. Juu yake kuna utando wa resini ambayo haijaguswa na mwanga, na ndani yake kuna molekuli ambazo bado hazijaunganishwa. Molekuli hizo ndizo kiini cha hatari. Akrilati zinaweza kuusababishia mwili mzio wa ngozi, na mtu akishapata mzio huo, hata mguso mdogo wa baadaye unaweza kuurejesha.

Kutokana na hali hiyo, kazi baada ya kuchapisha ina hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kuosha kipande, kwa kawaida kwa alkoholi ya isopropili, ili kuondoa utando wa juu. Hatua ya pili ni kuiacha alkoholi ivukize hadi iishe. Hatua ya tatu ni kukimulika kipande ili muungano wa molekuli ukamilike. Sanduku linalojadiliwa hapa ni chombo cha hatua ya tatu.

3.0 Kitenzi kimoja, hatua mbili

Kitenzi cha Kiingereza kinachotaja hatua ya tatu ndicho hicho hicho kinachotumika kwa kuponya mgonjwa, kukausha tumbaku na kutunza zege. Mfasiri anayekichukua kutoka katika kamusi ya jumla ana hiari tatu mbaya. Akiandika tibu au ponya, msomaji atashangaa, lakini hatadhurika. Akiandika gandisha, atataja badiliko la kimiminika kuwa kigumu, ambalo kwa kiasi kikubwa limekwisha kutokea ndani ya printa. Zaidi ya hayo, maji na mafuta huganda kisha huyeyuka, ilhali resini haiyeyuki tena. Akiandika kausha, sentensi yake itaonekana nyofu na hakuna atakayeishuku. Hapo ndipo penye hatari.

Kasoro ya kausha hudhihirika hatua zinapoandikwa kwa mfuatano: osha kipande, kikaushe, kisha kikaushe kwa mwanga. Msomaji mwenye akili timamu atayaona maagizo mawili ya mwisho kuwa ni agizo moja lililorudiwa. Alkoholi huvukiza haraka katika hewa ya joto, na baada ya muda mfupi kipande huwa kikavu mkononi. Kwa mujibu wa neno alilopewa, kazi imekwisha, na anaweza kukishika kwa mkono mtupu. Kwa mujibu wa kemia, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuepuka mkanganyiko huu. Nyenzo ya kwanza ni kivumishi -bichi. Nguo mbichi ni nguo yenye maji. Embe bichi ni embe lisiloiva. Nyama mbichi ni nyama isiyopikwa. Tofali bichi ni tofali lisilochomwa. Kivumishi hiki kina vinyume kadhaa. Kinyume cha nguo mbichi ni nguo kavu, lakini kinyume cha embe bichi si embe kavu, bali ni embe bivu. Kipande kilichotoka katika printa ni kibichi kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja: kina alkoholi iliyobaki baada ya kuoshwa, na hakijapevuka. Kukausha huondoa ubichi wa kwanza. Ubichi wa pili unahitaji kitenzi kingine.

Nyenzo ya pili ni utaratibu wa mafundi wa ujenzi. Zege likimwagwa, fundi hulimwagilia maji kwa siku kadhaa, na wengi hushikilia angalau siku 7, kwa sababu saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji. Likiachwa likauke mapema, hupasuka na kudhoofika. Kwa hiyo dhana kwamba kitu kinaweza kuimarika bila kukauka si ngeni kwa fundi yeyote wa Afrika Mashariki. Kinachokosekana ni neno la kuihamishia dhana hiyo katika karakana ya printa.

Nyenzo ya tatu imo katika historia ya Pwani. Katika biashara ya sandarusi ya karne ya 19, utomvu uliochimbwa ardhini baada ya kukaa muda mrefu ulitofautishwa na ule uliotoka mtini karibuni, ulioitwa chakazi. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu maziwa ya Afrika ya Kati, ameeleza tofauti hiyo na namna wageni walivyolipotosha neno chakazi katika matamshi yao. Sandarusi iliyokomaa ilikuwa ngumu na ilifaa kutengenezea vanishi bora. Chakazi ilikuwa laini na ya thamani ndogo. Chakazi iliyokauka juu juu haikuhesabiwa kuwa sandarusi. Kwa maneno mengine, wasemaji wa Kiswahili walikuwa na istilahi mbili za ukomavu wa resini zaidi ya karne moja kabla ya kuwapo printa ya resini.

Kwa kuzingatia ushahidi huo, makala haya yanapendekeza kitenzi komaza kwa hatua ya tatu, nomino ukomazaji kwa mchakato, kivumishi kikomavu kwa kipande kilichokamilika na kibichi kwa kile ambacho hakijamulikwa. Kauli ya kutendea hutoa jina la chombo pasipo taabu: kama ilivyo sufuria ya kupikia na kisu cha kukatia, ndivyo lilivyo sanduku la kukomazia. Maelekezo sasa husomeka hivi: osha kipande, kikaushe, kisha kikomaze. Hakuna hatua inayoweza kumezwa na nyingine.

4.0 Uundaji wa sanduku

4.1 Chombo na kuta

Sanduku linaweza kuwa ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kasha la mbao au kasha la bati. Sharti la kwanza ni kwamba kuta zisipitishe mwanga. Ndoo nyeupe nyembamba hupitisha, hivyo hufaa tu ikiwa imezungushiwa kitu cheusi kwa nje. Ndani, kuta, sakafu na mfuniko hubandikwa karatasi ya alumini au utepe unaoakisi, ili mwanga uliokikosa kipande urudishwe kwake. Kwa kuwa alumini hupitisha umeme, nyaya na sehemu zilizounganishwa kwa risasi hazina budi kufunikwa vizuri zisiguse kuta.

4.2 Chanzo cha mwanga

Resini nyingi za printa ndogo zimetengenezwa kuitikia mwanga wa nanomita 405. Hapa pana suala la istilahi linalogusa mfuko wa mnunuzi. Urujuanimno wa kundi A huhesabiwa kuanzia nanomita 315 hadi 400. Kwa hiyo mwanga wa 405 umo ukingoni mwa urujuani unaoonekana kwa jicho, ingawa vifaa vyake huuzwa kwa jina la urujuanimno. Jambo la kuangalia ni tarakimu iliyoandikwa kwenye utepe wa taa za LED, si jina wala rangi yake. Taa za mapambo hutoa zambarau kwa kuchanganya nyekundu na buluu, na mwanga huo haufai kuikomaza resini hata ukiwaka usiku kucha. Ingefaa mafunzo yatenge urujuani kwa mwanga wa wimbi fupi na zambarau kwa rangi ya mchanganyiko, ili anayekwenda dukani ajue anachokitaka.

Utepe huzungushwa katika kuta za ndani kwa nafasi sawa kutoka chini hadi juu. Taa zikiwekwa upande mmoja tu, upande wa pili wa kipande hubaki kibichi, na kipande chembamba huweza kupinda kwa sababu upande uliokomaa hujikunja zaidi.

4.3 Umeme

Hesabu ya umeme ni nyepesi, lakini haifai kurukwa. Ikiwa utepe wa volti 12 umeandikwa wati 14.4 kwa mita, mita 5 zitahitaji wati 72. Wati 72 zikigawanywa kwa volti 12 hupatikana ampea 6. Adapta haifai kufanya kazi kwenye kikomo chake muda wote. Ikiongezwa akiba ya asilimia 20 hupatikana ampea 7.2, hivyo adapta ya ampea 8 inatosha. Fyuzi iwekwe katika waya unaotoka kwenye adapta, nayo adapta ikae nje ya sanduku.

Kifaa muhimu kuliko vyote ni swichi ya mfuniko, yaani swichi inayokata umeme mfuniko unapofunguliwa. Mwanga wa nanomita 405 hauonekani kuwa mkali kama ulivyo, kwa sababu jicho huuhisi kwa udhaifu tu. Mtu anaweza kuutazama kwa muda mrefu bila kujua kwamba anajidhuru. Swichi hiyo humlinda hata yule ambaye hakusoma maelekezo. Kando yake huwekwa taima ya kuzima taa muda ukiisha.

Wati 72 ndani ya chombo kilichofungwa huzalisha joto. Joto la wastani husaidia molekuli kusogea na kuungana, na ndiyo maana mashine za kiwandani huongeza joto kwa makusudi. Hata hivyo, ndoo ya plastiki na gundi ya utepe havistahimili joto kubwa. Matundu ya hewa yatobolewe chini na juu, na kila tundu lizibiwe kwa kikinga kilichopinda ili hewa ipite na mwanga usipite.

4.4 Kisahani kizungukacho

Kipande huwekwa juu ya kisahani cha plastiki angavu au kioo kinachozungushwa polepole na mota ndogo. Kusudi ni kila upande upate mwanga sawa. Asiye na mota anaweza kusimamisha kazi kila baada ya muda fulani na kukigeuza kipande kwa mkono, akiwa amevaa glavu. Sehemu iliyokalia kisahani hupata mwanga kidogo kuliko nyingine, hivyo kipande hugeuzwa chini juu angalau mara moja.

5.0 Matumizi na upimaji

Kipande kiingizwe katika sanduku baada ya alkoholi kuisha kabisa. Alkoholi ya isopropili huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto katika nyuzi joto 12 za Selsiasi hivi, na karakana nyingi za ukanda huu zina joto zaidi ya hilo mchana na usiku. Kipande chenye mashimo yaliyojaa alkoholi, kikifungiwa karibu na nyaya za umeme, ni hatari ya moto. Hii ni sababu ya pili ya kutenganisha kukausha na kukomaza: hatua ya kwanza ni sharti la usalama wa hatua inayofuata.

Muda wa kumulika hutegemea resini, rangi yake, unene wa kipande na nguvu ya taa. Kwa hiyo kila sanduku lipimwe lenyewe. Njia rahisi ni kuchapisha vibao vidogo vinavyofanana, kuviosha na kuvikausha kwa namna moja, kisha kuvimulika kwa dakika 2, 5, 10 na 15. Baada ya kupoa, kila kibao hukwaruzwa kwa ncha ya kifaa na kujaribiwa kukunjwa. Muda unaofaa ni ule ambao baada yake ugumu hauongezeki tena. Kupita muda huo kuna hasara: kipande huwa cha manjano, hukakamaa na kuvunjika kwa urahisi.

Wakati mwingine uso wa kipande hubaki ukinata ingawa ndani kimekuwa kigumu. Chanzo chake ni oksijeni ya hewani, ambayo huzinyaka radikali huru kabla hazijaunganisha molekuli za juu. Dawa yake ni kukizamisha kipande katika chombo cha kioo chenye maji safi na kukimulika kikiwa humo. Inafaa kutambua kwamba hapa kipande hukomaa kikiwa ndani ya maji, kama zege. Hakuna mfano bora zaidi wa kuonyesha kwa nini kausha halifai.

Jua nalo hukomaza resini, na kwa mahali palipo karibu na Ikweta halihitaji gharama. Tatizo lake ni kutopimika: wingu, saa na msimu hubadilisha nguvu yake, na hivyo vipande viwili vya siku mbili huweza kutofautiana. Jua linafaa zaidi kwa taka. Vitambaa, karatasi na mabaki ya resini huanikwa hadi yakomae kabla ya kutupwa, na alkoholi chafu huachwa juani katika chombo angavu chenye mfuniko, mbali na moto, ili resini iliyomo igande na kuchujwa. Resini bichi haimwagwi kwenye sinki wala mtaroni.

6.0 Mipaka ya sanduku

Mwanga hupenya resini kwa kina kidogo tu, hasa resini yenye rangi nzito. Kipande chenye uwazi ndani kikifungwa bila tundu la kutolea, resini bichi hubaki humo na baada ya majuma kadhaa inaweza kukipasua. Tundu la kutolea hubuniwa kabla ya kuchapisha. Sanduku haliwezi kurekebisha kosa hilo.

Mpaka wa pili unahusu afya. Resini za meno na za vifaa vinavyogusa mwili huidhinishwa pamoja na utaratibu mahususi wa kuzikomaza: taa fulani, joto fulani, muda fulani. Resini hiyo hiyo ikimulikwa katika ndoo iliyotengenezwa karakanani, uthibitisho wake hauna nguvu tena, hata kama kipande ni kigumu na kinang'aa. Sanduku la kujitengenezea linafaa kwa sampuli, vielelezo vya kufundishia na sehemu zisizogusa mdomo wala jeraha. Maelekezo ya Kiswahili hayana budi kulisema hilo kwa sentensi kamili, si kwa alama pekee.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, vyombo vya lugha, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar na mabaraza ya kitaifa, viandae orodha fupi ya istilahi za uchapishaji wa pande tatu kwa kuanzia na zile zinazogusa usalama. Kiwango cha kimataifa cha ISO/ASTM 52900, kinachohusu istilahi za fani hii, kinaweza kuwa msingi wa dhana, lakini si wa maneno.

Pili, kila istilahi ipimwe ndani ya mfuatano wa maelekezo kabla ya kuidhinishwa. Kausha halina dosari likisimama peke yake. Dosari huonekana linapokaa karibu na kausha jingine.

Tatu, mamlaka za viwango zinazokagua kemikali zinazoingia nchini zifikirie kudai onyo la Kiswahili kwenye chupa za resini. Maneno yanayohitajika hayazidi mistari mitatu: vaa glavu za nitrili, usiangalie taa, kipande kibichi kisiguswe kwa mkono mtupu hata kikiwa kikavu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sanduku la kukomazia vipande vya resini linaweza kuundwa kwa ndoo, karatasi ya alumini, utepe wa taa za nanomita 405, adapta, taima na swichi ya mfuniko, na kwamba ubora wake hupimwa kwa vibao vichache vya majaribio. Yameonyesha pia kwamba usalama wa chombo hicho hauishii kwenye nyaya. Unategemea kama anayekitumia ameambiwa kuwa ukavu na ukomavu ni hali mbili, na Kiswahili kinayo maneno ya kumwambia. Kazi inayobaki kwa watafiti ni kuyajaribu maneno hayo katika karakana za Kampala, Kigali, Bujumbura na Bukavu, mbele ya mafundi wenyewe, kabla hayajachapishwa kwenye chupa.